Likizo ya Diani kwa mke na mume wa Moshi: jinsi ya kwenda na kurudi mkiwa bado mnasemeshana

Desemba iacheni. Kwetu Uchagani Desemba ni mwezi wa kupanda mlimani, na mwanamume atakayemwambia mama yake wa Kibosho kwamba Krismasi hii atakuwa ufukweni Diani, Kenya, atahitaji kikao cha ukoo kabla hajahitaji pasipoti. Hata mkiruhusiwa, Diani ya Desemba imejaa watu wa Nairobi na bei ziko juu. Januari ni ada za shule, sina haja ya kueleza. Aprili na Mei ni masika, bahari inachafuka, na baadhi ya hoteli hutumia msimu huo kufanya ukarabati. Agosti shule za Kenya zimefungwa, vyumba vinajaa tena. Mimi huwashauri watu Septemba, upepo wa kusi unapoanza kupungua na jua halijachachamaa, au Februari kwa wanaostahimili joto. Februari mtalala feni ikizunguka na bado mtageuza mto usiku kucha.

Mimi na Baba Neema tunauza vipuri vya pikipiki Moshi mjini, kaunta moja, tangu asubuhi hadi tunafunga. Kwa hiyo tunajuana kila kona. Watu wakisikia tumekwenda Diani huniuliza bei ya hoteli. Bei ya hoteli ndiyo jambo jepesi. Kinachowagombanisha mke na mume ufukweni ni pochi na maji: nani kashika pesa, na bahari iko wapi saa mliyotaka kuogelea. Haya mawili nitayakalia, mengine nitayapitia juu juu.

Kwa nini mvuke mpaka? Kwanza umbali. Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Moshi hadi Diani, kupitia Himo, Holili, Taveta, Voi na Mombasa, ni kama 340. Tanga nayo si mbali, na Pangani ina ufukwe mzuri, sibishi. Lakini Tanga yuko shemeji yangu, na ukifika Tanga hujaenda likizo, umeenda kusalimia. Mpaka una faida yake: mkizima laini za Tanzania, anayetaka kukopa na anayekusanya mchango wa sendofu wote watasubiri.

Karatasi

Mtanzania haingii Kenya kwa kitambulisho cha NIDA. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wana mpango wao wa kuvuka kwa vitambulisho, sisi hatumo. Mnahitaji pasipoti, ambayo ada yake ni 150,000 kwa kila mtu, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, ambayo ni nafuu zaidi na inatosha kwa nchi hizi za jirani. Viza hakuna, na ule utaratibu wa Kenya wa kuomba kibali mtandaoni ulioanza Januari 2024 hautuhusu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mkienda na gari lenu kuna kadi nyingine ya njano, ile ya bima ya COMESA, pamoja na kibali cha muda cha gari mnachopata forodha mpakani. Msizichanganye hizo kadi. Baba Neema alimkabidhi askari wa barabarani cheti cha chanjo, akaulizwa kama gari nalo limechanjwa.

Mkienda, msihangaike upande wa Holili. Kituo ni cha pamoja: maofisa wa nchi zote mbili wanawagongea mihuri Taveta. Mkirudi ndipo mnasimama Holili.

Pochi

Shilingi moja ya Kenya ni karibu 20 za kwetu, ikipanda ikishuka. Hapo ndipo mtego ulipo, maana namba za Kenya zinasikika ndogo. Mwanamume ambaye hanunui shati la 30,000 pale Memorial bila kuzunguka vibanda vyote, ukimtajia 1,500 anachomoa tu. Dafu la 100 ni 2,000. Sahani ya samaki ya 1,200 ni 24,000. Njia ya mkato ni hii: zidisha mara mbili, kisha ongeza sifuri. Hesabu hiyo ifanywe kimoyomoyo. Mke anayezidisha kwa sauti mbele ya muuzaji anamwaibisha mumewe, na mume aliyeaibishwa hununua.

Gaweni pesa mkiwa bado nyumbani, mezani, watoto wamelala. Malazi yalipwe yaishe, au angalau nusu. Nauli ya kurudi au mafuta ya gari yakae kwenye mkoba mwingine kabisa, kwa shilingi za Tanzania, na asiguse mtu. Chakula na matembezi ya pamoja viwe na pochi moja, ishikwe na mmoja, na kila jioni mhesabu kilichobaki kabla ya kula, siyo baada ya kula, maana mkishashiba kila kitu kinaonekana kinatosha. Halafu, na hili ndilo wengi hulisahau, kila mmoja awe na pesa yake ya mkononi isiyoulizwa. Kiasi sawa kwa wote wawili, kiwe kidogo au kikubwa. Yangu nilinunulia leso. Yake aliimaliza kwa kupanda ngamia na kutazama mpira wa Uingereza kwenye baa yenye runinga kubwa, kana kwamba Moshi hakuna runinga. Sikuuliza. Nilitaka, ila sikuuliza.

Pale mpakani vijana wa kubadilisha pesa watawafuata hadi mlangoni mwa gari. Mkibadili kwao, fungueni kila noti ya elfu moja muitazame. Noti za zamani za 1,000, zile zenye uso wa Kenyatta peke yake, ziliondolewa kwenye mzunguko mwisho wa Septemba 2019 na hazinunui hata kiberiti. Zinazotumika zina picha ya jengo la KICC la Nairobi. Bora mbadili kidogo tu cha njiani, kingine mkabadili benki au duka la fedha Mombasa au Ukunda, mji ulio jirani na Diani.

Kenya karibu kila kitu kinalipwa kwa M-Pesa, hadi dafu la barabarani, kwa hiyo mmoja wenu asajili laini ya huko kwa pasipoti yake. Asajili yule anayeshika pochi ya pamoja. Mkisajili kwa jina la mwingine mmehamisha madaraka bila kupiga kura, na ugomvi wake utawakuta kwenye mlango wa mgahawa.

Hoteli nyingi za Diani zina bei mbili, ya wageni wa mbali na ya wakazi wa Afrika Mashariki. Haziwekwi mbele ya macho kila mara. Ulizeni kwa Kiswahili, kwa simu. Ila mimi napendelea nyumba ndogo za kupanga, zile zinazokuja na mpishi. Asubuhi mnakwenda kwa wavuvi kununua changu au pweza kwa kilo, mnamkabidhi mpishi, mchana mnakuta samaki wa kupaka mezani. Kwa watu waliozoea kuulizana kila siku nani atapika, hiyo tu ni nusu ya likizo.

Njiani

Ondokeni Moshi alfajiri. Barabara ya Taveta hadi Voi ni lami nzuri, kama kilomita 110, na inakatiza katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, kwa hiyo tembo anaweza kuwa kando ya barabara au katikati yake. Akiwa katikati, zimeni muziki msubiri. Mara baada ya Taveta kuna kilima cha Salaita, ambako Februari 1916 jeshi la Waingereza lilirudishwa nyuma na Wajerumani waliotoka upande wetu. Mkiwa na mume anayependa historia, mpeni dakika kumi zake hapo, atakuwa mtulivu hadi Mwatate kwenye mashamba ya mkonge. Kuanzia Voi mnaingia barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, malori hayana mwisho, na usiku hapafai kabisa.

Wasio na gari: Noah hadi Himo na Holili, mnavuka, matatu ya Taveta hadi Voi, kisha basi. Treni ya SGR nayo inasimama Voi, lakini ni ile ya asubuhi inayotoka Nairobi na kusimama vituo vya kati, na kituo chake cha mwisho kiko Miritini, nje ya mji, siyo Mombasa katikati. Likoni mnavuka kwa kivuko, waendao kwa miguu hawalipi. Mwenye gari siku hizi anaweza kukwepa kivuko kwa barabara ya Dongo Kundu na kutokea upande wa Kwale. Sisi tulipanda kivuko makusudi. Mtu wa mlimani anastahili kuingia baharini kwa heshima.

Maji

Picha mliyoiona kwenye simu ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Mkitoka chumbani saa nne asubuhi na mataulo begani, mnaweza kukuta bahari imekimbilia kule mwambani, na hapo mbele yenu kuna mwani, madimbwi na mashua imelala ubavu. Ndipo mmoja anamwambia mwenzake, "Ndiyo hii bahari uliyotulipia?" Nimeisikia hiyo kwa masikio yangu kutoka kwa watu wa chumba cha pili.

Bahari haijaharibika. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, yakipishana kwa saa sita na ushei, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Nusu mwezi ni maji mafu, tofauti ni kama mita moja tu, na bahari haiendi mbali.

Sasa shikeni hili, ndilo la maana kuliko yote niliyoandika. Upande wa Mombasa na Diani, siku za bamvua maji hukupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Siku za nusu mwezi ni kinyume: yamejaa karibu saa nne asubuhi, yamekupwa karibu saa kumi. Siku za kati mnakadiria kwa zile dakika 50. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, tazameni kalenda ya mwezi. Mume anayependa kuoga bahari asubuhi na mke anayetaka kulala hadi saa tatu wachague wiki ya nusu mwezi. Wanaopenda kutembea asubuhi na kuogelea jioni wachague mwezi mpevu.

Mimi ni wa mwezi mpevu. Maji yakikupwa mnavaa viatu vya mpira, mnatembea taratibu hadi kwenye madimbwi, mnaona viti vya pweza na samaki wadogo wa rangi. Viatu ni lazima, kwa sababu ya wale wadudu wa miiba myeusi wanaokaa kwenye mawe. Mwiba wao ukikatikia mguuni, likizo imekuwa zahanati. Na msiende mbali mkasahau: maji yakigeuka yanajaa kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yenu. Mchana mnalala. Saa kumi bahari iko mlangoni.

Jambo jingine la kujua ni kwamba machweo juu ya bahari hamtayaona. Diani inatazama mashariki, jua linazama nyuma ya minazi. Mnaotaka jua na bahari pamoja, amkeni saa kumi na mbili asubuhi. Lakini jioni ya mwezi mpevu, wakati jua linazama mgongoni kwenu, mwezi unachomoza kutoka baharini, mwekundu, mkubwa. Baba Neema, ambaye si mtu wa maneno, alisema, "Hii haihitaji hela." Kwa mwenye duka huo ni ushairi.

Wengi wetu tuliokulia mlimani hatujui kuogelea, na hakuna aibu. Maji yaishie kiunoni, muwe ndani ya mwamba, mkiwa wawili, na pombe iwe baadaye. Hatari kubwa iko kwenye milango, yaani mianya ya mwamba ambako maji ya kupwa hutoka kwa kasi kwenda bahari kuu. Ulizeni wavuvi iko wapi, muiepuke. Ukijikuta unavutwa, usipigane na maji uso kwa uso kurudi nchi kavu. Kata kwa ubavu, sambamba na ufukwe, hadi nguvu yake iishe, kisha rudi.

Mkinuniana

Mtanuniana. Siku ya pili au ya tatu huja ukimya fulani, hasa kwa watu wanaofanya kazi pamoja. Dukani mkikwaruzana anaingia mteja wa mnyororo na plagi, mnaendelea. Ufukweni haingii mteja. Dawa yake ni kuachana saa mbili tatu kila siku, kwa makubaliano, siyo kwa hasira. Mmoja alale, mwingine akatembee hadi Msikiti wa Kongo, ule wa kale ulioko mlangoni mwa mto kati ya mibuyu. Mmoja akanunue mahamri na mbaazi Ukunda, mwingine akazungumze na wavuvi. Mkikutana tena mna la kusimuliana.

Watoto wapigiwe simu mara moja kwa siku, jioni. Mkipiga asubuhi, bibi yao atawatajia mbuzi aliyekula maharage ya jirani, na mchana wote mtajadili mbuzi. Na status ya WhatsApp ngojeni mrudi. Ukiweka picha ya kamba-mti kwenye sahani wakati una mkopo wa vikoba, wenzako hawataona kamba-mti, wataona marejesho.

Ufukweni vijana wa biashara watawajia. Watamwita mumeo shemeji kabla hamjakaa. Wengi ni watu wema wanaotafuta riziki, na wanaijua bahari kuliko ofisi yoyote. Salimianeni vizuri. Mkitaka boti au ngamia, ulizeni swali moja: bei hii ni ya chombo kizima au ya kila kichwa? Huko ndiko pesa hupotelea. Lipeni nusu mkipanda, nusu mkishuka. Wakiwachosha, mume aseme "kesho" na mke aseme "hapana", na msibadilishane.

Matembezi ya baharini yanayostahili pesa ni Kisite-Mpunguti, kwa boti kutoka Shimoni, kuona pomboo na matumbawe, halafu chakula kisiwani Wasini. Chupa za plastiki za maji msibebe, Kenya ilizipiga marufuku hifadhini na fukweni tangu Juni 2020. Tafuneni tangawizi kabla ya kupanda.

Pa kwenda mkiwa na hewa nzito kati yenu ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, sehemu ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mnaingia na mwongozaji, mmejifunga kaniki nyeusi, bila kofia, na mnaambiwa msibusiane ndani. Mlionuniana hamtaona shida. Mkitoka, kutokana na kukatazwa tu, mambo huwa yamelegea.

Madogo madogo: suka nywele kabla ya safari, chumvi haina huruma na nywele zilizoachwa. Mafuta ya kuzuia jua yapakwe hata na mweusi, ngozi yetu nayo inaungua. Pwani ina malaria kuliko kwetu, kwa hiyo chandarua kila usiku. Funga mlango wa kibaraza, tumbili na kima wataingia kuchukua ndizi na sukari. Mbega wao wana adabu, wanakula majani, na mtawaona wakivuka juu ya barabara kwenye ngazi za kamba walizofungiwa wasigongwe. Ukitoka ufukweni kwenda Ukunda, jifunge leso, kule ni mji wa watu wenye dini yao, na Ramadhani migahawa mingi midogo hufunga mchana.

Kurudi

Tokeni Diani asubuhi na mapema ili muwe Holili jua likiwa bado juu. Kabla ya hapo simameni Taveta. Shilingi za Kenya za noti mtabadili, lakini sarafu hakuna atakayezipokea upande wetu, kwa hiyo zimalizeni sokoni kwa ndizi na maembe. Zawadi ya mama mkwe inunuliwe Mombasa, siyo mpakani, maana vitu vya mpakani anavijua vyote. Mabuyu ya rangi na achari za watoto ziwe za kutosha hadi kwa jirani aliyewafungulia kuku. Na duka msifungue siku hiyohiyo.